Siku Baba Alipozima Mashine ya Mahindi

Jumamosi, Rongai. Mawingu yametanda juu ya shamba tangu asubuhi lakini mvua imetuhurumia. Vidole vyangu vina malengelenge hadi kuandika ni taabu, na sijawahi kufurahi hivi mwaka huu wote.

Kaka yangu Kibet amerudi kutoka Somalia. Mzima, miguu yote, mikono yote, na bado anadokoa chapati jikoni kama zamani.

Nyumba yetu imekuwa na vita vyake. Baba anaamini kwamba jeshi letu likiondoka kule, adui atatufuata hadi mlangoni. Mimi nimeandika hapa hapa kwenye blogu yangu, tena na tena, kwamba vijana warudi, maana hakuna anayetueleza siku hizi wanapigania nini. Baba aliposikia, alisema nimempa kaka yangu kisogo. Tangu Pasaka hajaniita kwa jina. Hata salamu zake zilipitia kwa Mama.

Si sisi tu. Kampeni zimeanza na wagombea wote wanaulizwa swali moja: wanajeshi warudi au wabaki? Kanisani watu wamehama viti ili wasikae na fulani. Mbunge wetu, wa upande wa wabaki, alimwomba Baba amfikishe Kibet jukwaani leo mchana mjini Nakuru, akiwa na sare, apungie watu mkono. Baba alikubali bila kumuuliza Kibet. Asubuhi na mapema alikuwa ameshavaa suti.

Kisha ikaja zamu yetu ya mashine ya kupukuchua mahindi, ile inayoendeshwa na trekta. Ilipoanza kutatarika, Kibet aliweka kikombe chini polepole, akaenda nyuma ya magunia, akalala kifudifudi. Hakupiga kelele. Alilala tu, mikono juu ya kichwa.

Hakuna aliyecheka.

Baba ndiye aliyekimbia kuizima. Sikumbuki mara ya mwisho kumwona akikimbia. Alimwambia mwenye mashine aende nayo, kisha akaketi kwenye turubai karibu na Kibet, suti yake ikiwa bado mwilini, akachukua hindi na kuanza kupukuchua kwa mkono. Akamaliza, akachukua lingine. Baada ya muda Kibet aliinuka, akakaa, naye akachukua lake.

Gari la mbunge lilipokuja kuwachukua, Baba hakusimama.

"Mwambie kijana ako na kazi," alimwambia dereva. "Na mimi pia. Mheshimiwa akitaka kutuona akuje, lakini asikuje na maiki."

Nilikuwa nimesimama na beseni, sijui niende wapi. Baba akasogea kando kidogo.

"Chebet, kaa hapa. Mvua ikinyesha hii yote itaoza."

Chebet. Nilikaa haraka nisije nikalia mbele ya watu.

Tumepukuchua hadi jioni, na vita havikutajwa. Najua Baba hajabadilisha msimamo, wala mimi sijabadilisha wangu. Likizo ya Kibet ikiisha ataitwa tena, na sijui Baba atasema nini siku hiyo. Sitaki kujua usiku huu.

Mahindi yaliyobaki, kwa mkono, ni kazi ya wiki nzima, sisi watatu kwenye turubai moja.

Asante Mungu kwa mavuno makubwa.