Tapeti Katika Beseni Moja

Kaka,

Huku tunasukuma siku. Kikohozi cha mama kimepungua, ila paa linavuja palepale.

Jana nilifungua injini ya lori, nikatoa tapeti, vile vyuma vidogo vinavyosukuma vali. Unaukumbuka wimbo wa baba hapa gereji: tapeti iliyotumika hurudi kwenye tundu lake lilelile, ukizichanganya, zote za kutupa. Nikazipanga kwenye gunia kwa mfuatano, nikaenda kunawa. Kurudi, nikamkuta baba amezimwaga zote kwenye beseni moja, anazisugua kwa mafuta ya taa, ametulia tuli.

“Baba, sasa ipi ilitoka wapi?”

“Muulize fundi.”

Kaka, fundi ni yeye.

Tapeti mpya zitapatikana. Wewe njoo. Siku hizi ananiita kwa jina lako, langu limeshampotea.

Mdogo wako