Mashine Ilipojibu "Sawa"

Mjukuu wangu Paskalina,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Huku Endasak tu wazima. Ng'ombe amezaa, na babu yako bado anagombana na mvua.

Unauliza kama niliwahi kuona mtambo, kama huo wa kazini kwako, unaojibu "sawa" ukiuamuru ubadili joto, kisha wewe ukirudi unaukuta na joto la zamani. Niliuona. Ujanani nilikausha ngano ya mbegu kwenye shamba kubwa hapa Hanang. Fundi alituma amri kwa waya kutoka kwenye kompyuta, joto lishuke hadi nyuzi arobaini. Mashine ikajibu "sawa", tukaenda kunywa chai. Umeme ukakatika, na uliporudi mashine ikashika joto la zamani, maana amri mpya haikuhifadhiwa. Ngano ilitoka inang'aa. Ilipopandwa, haikuota; joto kali lilikuwa limeua mbegu.

Tangu hapo fundi alikuwa akituma amri, anaihifadhi, kisha anaiuliza mashine yenyewe imeshika joto gani. Hata huku kwetu, mtu anaweza kukuitikia marahaba bila kukutazama.

Mwezi uliopita nilikuomba uje Krismasi, ukanijibu kwenye simu, "Sawa, bibi."

Basi nakuuliza tena: unakuja tarehe ngapi?

Bibi yako