Miche Ndani ya Viriba

Victor,

Simu zako nimeziona, sikupokea. Huku mvua ni nzuri, na kikohozi cha Bibi Cornelia, mwenyeji wangu, kimepungua.

Siku ile tunapanda miti Mbizi, sisi wa kujitolea pamoja na wanakijiji, akina mama walibomoa matuta yao ya ulezi, yale ya majani yaliyooza, wakajitwisha udongo wake hadi kwenye mashimo. Wewe msimamizi ukatuamuru tusichane viriba, ile mifuko ya plastiki ya miche. Bibi Cornelia akauliza, "Sasa mizizi itapita wapi, baba?" Ukacheka.

Wageni waliokuja kushuhudia upandaji walipiga picha, wakaondoka. Asubuhi yake niliwakuta vijana wako wanang'oa miche, viriba vizima, wanaipakia garini ikapigwe picha nyingine huko Matai. Mashimo yamebaki wazi, na rutuba ya watu imo humo.

Bibi ameniuliza kama yule msimamizi ndiye mchumba wangu. Nimekana.

Mwambie mshenga wako asije kwetu Izia. Nimeshaona unavyopanda.

Coleta