Pete ya Tatu Kutoka Nchani

Tata, baba yangu,

Nakuandikia nikiwa nimesimama. Nimejaribu kukaa kwenye kiti chako hapa barazani Kagondo, nikainuka. Nimejaribu tena, nikainuka. Mwanao Muganyizi yuko ziwani tangu asubuhi na wageni wake wa kwanza. Ameondoka na fimbo yako ya mwisho ya kuvulia samaki, na simu yake haipatikani. Mama anamenya ndizi na kujifanya hasikii kila ninapopiga.

Nianze mwanzo, kama ulivyopenda watu waanze.

Fimbo ile uliimaliza ukiwa kitandani, ukiwa umeegemea mito. Pete ya tatu kutoka nchani, kati ya zile za kupitishia mshipi, ilikaa upande. Mtu akishika mpini, akafumba jicho moja na kutazama hadi nchani, pete zote zinaingia moja ndani ya nyingine, isipokuwa hiyo. Nawe uliipaka vanishi hivyo hivyo, wewe uliyekuwa ukinirudishia kazi kwa kosa la upana wa uzi mmoja.

Baada ya matanga, wazee wa ukoo walimkabidhi Muganyizi kigoda chako, mkuki wa Babu na fimbo hiyo, kwa kuwa yeye ndiye musika, mrithi mkuu. Mimi sikukabidhiwa kitu wala sikutarajia. Desturi tunaijua. Lakini kazi ya kufunga pete ulinifundisha mimi, si yeye. Yeye alikuwa akizungusha uzi kidogo tu, mara anaulizia chakula.

Sasa amepata kazi ya kuwapeleka wageni kuvua sangara kwa fimbo, na alitaka kuanza na ya kwako. Wiki iliyopita aliniwekea fimbo magotini.

"Dada, ikate hiyo pete uifunge upya. Mshipi unasugua pale. Akija sangara wa maana, fimbo itajipinda mkononi mwa mgeni na kuvunjika. Halafu mimi nitarudi kuuza mkaa."

Mama alikuwa mlangoni. "Wembe hautagusa uzi huo. Baba yenu aliipinda kwa makusudi."

"Makusudi gani, Mama?"

"Anayajua mwenyewe."

"Sangara hajui makusudi ya mtu."

"Basi sangara wako akanunue fimbo yake! Hiyo itakaa ukutani."

Wakanitazama mimi, Tata. Kawaida yangu, watu wawili wakitofautiana, ni kwenda kutazama mwenyewe. Safari hii kutazama kulimaanisha kukata, na ukishakata huwezi kusema ulikuwa unatazama tu.

Nilikaa na fimbo hiyo siku kadhaa. Nilikuwa naiweka, naichukua, natoka nje, narudi. Nilikukumbuka ulivyokuwa fundi cherehani pale sokoni Bukoba, na siku mgeni mmoja alipokuletea fimbo iliyong'oka pete, kwa sababu alikuona una nyuzi za kila rangi. Mafundi wenzako walicheka. "Leo anashona samaki suruali," walisema. Uliifunga pete ile, na mwaka haukuisha kabla watu hawajaanza kukuletea fimbo tupu, mpini tu na ufito, uwapangie pete zote.

Kufunga hukujifunza kwa mgeni yeyote. Ulijifunza kule Buganguzi kwa mama yako, aliyekuwa akifunga kahawa ya kutafuna katika vipande vya majani makavu ya mgomba. Vifurushi vyake havikuwa na fundo. Ncha ya kamba aliizika chini ya mizunguko yake yenyewe, na mgeni aliyepewa kifurushi alilazimika kukigeuza-geuza kabla hajajua pa kufungulia. Ulinianzishia hapo hapo, kwenye vifurushi, kabla hujaniruhusu kugusa fimbo. Siku nilipofunga fundo ulikichukua kifurushi changu, ukakitundika kidoleni.

"Koku, fundo ni la mbuzi. Huyu mbuzi wako anaitwa nani?"

Nilichukia wiki nzima. Sijafunga fundo tena.

Uzi ulikuwa ukiupitisha katikati ya kurasa za kitabu cha nyimbo za kanisa, na juu yake pasi ya mkaa iliyopoa, ili utoke ukiwa umekazwa sawasawa. Mama alilalamika kila Jumamosi. "Kesho tutaimba ubeti wenye alama ya uzi mwekundu." Nawe ulimjibu kwamba hata Petro alikuwa mvuvi. Mimi nilishika fimbo na kuizungusha, wewe ukisukuma mizunguko kwa ukucha wa gumba hadi isionekane nafasi. Vanishi ikishapakwa, tulikaa tukiigeuza fimbo polepole ili isichuruzike, tukisikiliza taarifa ya habari redioni. Hukuruhusu mtu kuzungumza kabla ya habari za michezo.

Jana asubuhi niliamua. Nilimwambia Mama kabla, sikutaka aje akute limeshafanyika. Alivuta kigoda akakaa mbele yangu, mikono mapajani, kama mtu aliyekuja kusikiliza kesi.

Nilikata ulivyonifundisha: juu ya chuma cha mguu wa pete, si juu ya fimbo, ili wembe usiache jeraha. Vanishi ikapasuka. Uzi ukafunguka, na pete ikaniangukia mkononi.

Nikuambie ukweli. Nilitarajia kukuta sababu. Mama aliniambukiza. Nilidhani nitaona ufa uliotaka kuukwepa, au mguu wa pete uliokuwa mbovu. Niliifuta fimbo kwa kitambaa, nikaipeleka kwenye mwanga, nikaizungusha yote. Haikuwa na ufa. Mguu wa pete ulikuwa umenolewa vizuri, kama kawaida yako. Hapakuwa na chochote chini ya uzi isipokuwa fimbo.

"Kuna nini?" Mama aliuliza.

"Hakuna kitu, Mama. Mkono ulichoka."

Nilifikiri atalia, au atanifukuza. Aliinuka akaingia ndani, na aliporudi alikuwa na kitabu cha nyimbo na pasi.

"Utakaza na nini sasa? Na meno?"

Alishika fimbo na kuizungusha. Anazungusha haraka kuliko mimi. Nilimwambia apunguze, akaniambia nikaze. Uzi niliutoa kwenye bati lako la biskuti, rangi ile ile. Ncha niliizika. Kisha tukaipaka vanishi na kukaa tukiigeuza hadi mikono ikafa ganzi, redio ikiwa imezimwa, kwa sababu Mama alitaka kuzungumza. Alizungumza juu yako. Sehemu kubwa yalikuwa malalamiko.

Nimelazimika kuiacha barua hii hapo juu, kwa sababu Muganyizi amerudi. Amelowa, ananuka ziwa, na samaki hana.

"Alishika," anasema. "Mkubwa. Alivuta hadi mgeni akapiga magoti, na fimbo ikapinda hivi. Halafu akaachia ndoano akaenda zake."

"Na pete?"

"Pete haikutikisika. Samaki ndiye mwenye makosa. Wageni wanataka kurudi kesho."

Mama hakuuliza habari za samaki. Alimpokonya fimbo, akashika mpini, akafumba jicho moja. Alitazama muda mrefu mpaka Muganyizi akaanza kucheka.

"Imenyooka," alisema. Akaigusa pete ya tatu bila kuhesabu. "Lakini hii ni ya Koku. Nyingine zote ni za baba yenu."

Kweli, inaonekana. Mizunguko yangu ina nafasi mahali fulani, nyembamba kama unywele. Ungenirudishia. Uzi wako uliokatwa nimeutupa migombani pamoja na maganda ya ndizi, na Mama aliniona nikitupa, akaendelea kumenya. Bado sijaweza kukaa kwenye kiti chako. Kesho fimbo inarudi ziwani.

Pumzika, Tata. Kuigeuza tutageuza wenyewe.

Ni mimi, binti yako wa mbuzi,
Koku