Pale Pedali Ilipokwama

Khotsa wangu,

Nakuandikia nikiwa mezani petu hapa Shieywe. Mama anasonga obusuma, ugali wetu, jikoni. Nasikia mwiko ukigonga sufuria, na leo hata huo mwiko naona kama unapiga wimbo wako. Kesho asubuhi lazima nimkabidhi Madam Ayuma sentensi chache. Sentensi chache tu, Khotsa, na nimezifuta mpaka karatasi imetoboka. Kama ningekuwa na mjomba mwingine wa kumuuliza, nisingekusumbua huko uliko.

Nikupe kwanza habari za huku. Kibanda chako cha kuchomelea vyuma pale Lubao sasa kinauza chakula cha kuku, lakini geti ulilolitengeneza bado linafunga bila kupiga kelele. Kukhu, mama yako, anasikia vibaya zaidi sikio la kushoto na hakubali. Mama hajaacha kukutengea firigisi tukipika kuku wa ingokho. Anaitenga pembeni, halafu anakumbuka, halafu anaisukuma kwangu na kusema, "Kula basi, mwenyewe hayuko." Unajua wasichana hatukuwa tukipewa firigisi. Naila, lakini haishuki vizuri.

Na wimbo wenu uko kila mahali. Hilo ndilo lililonileta.

Nazikumbuka Jumapili zile. Baada ya ibada Mama alikuwa akiniruhusu niende Lubao kwa Kukhu, naye Kukhu akiniachilia nikufuate mpaka kwenye kisiagi, kwa sababu Jumapili mahindi hayakusagwa na mzee mwenye kisiagi alikuwa amewapa ufunguo. Mlikuwa watatu. Wewe kwenye ngoma, rafiki yako Ambani kwenye gita, na kijana wa chuo cha Sigalagala aliyekuwa akisomea umeme, ambaye kazi yake ilikuwa gita la besi na kuzima nyaya zikianza kutoa moshi. Mlijiita Mvua ya Mawe. Muziki wa roki, tena ule mzito, katika mji ambao watu wakisikia gita wanangojea rumba au pambio. Siku ya kwanza nilidhani kifua changu kitapasuka. Vumbi la unga lilikuwa likishuka kutoka kwenye mabati na kutua kwenye nywele zenu, mkawa wazee kabla ya wimbo kwisha.

Unamkumbuka yule mama aliyekuja na debe la mahindi kichwani? Alisimama mlangoni, akalitua, akangojea zamu yake kwa adabu. "Nimesikia mashine inanguruma," akasema, "nikajua mnasaganga hata Jumapili." Ambani akamjibu, "Mama, leo tunasaga mawe." Akasikiliza kidogo, akajitwika debe lake. "Haya, mkimaliza hayo mawe mniite." Ulicheka mpaka ukaangusha kijiti.

Ngoma kubwa ya mguu uliitengeneza kwa pipa la molasi na ngozi ya ng'ombe, na pedali yake kwa pedali ya baiskeli na springi ya breki. Springi ile ilikuwa na wazimu. Kila mlipofika mwisho wa mzunguko ilikwama, mguu wako ukabaki hewani, kukawa na pengo, kimya kitupu, kisha ngoma ikarudi kwa kishindo kama mtu aliyejikwaa akasimama. Ambani alikasirika. "Fundi, wimbo wako una mguu mmoja mfupi!" Nawe ukamwambia, "Si utembee nao polepole basi."

Halafu mzee wa kisiagi akafariki. Wanawe waliwaita mpige kwenye matanga yake, kwa kuwa katika ugonjwa wake alikuwa akiwasikiliza kutoka kitandani. Wapigaji wa isukuti walikuwa wameshafika na ngoma zao, na walipoona nyaya zenu walinuna. Mkaanza ule wimbo wenye pengo, usio na maneno. Mchungaji aliifunga Biblia yake. Nilikuwa nimemshika Mama gauni, nikiogopa tutafukuzwa. Lakini mmoja wa wale wapigaji akaibana ngoma yake kwapani akawajibu, na wa pili, na wa tatu, na wanawake wakaingia uwanjani. Pedali ilipokwama walipoteza hatua. Ili wasianguke, wakaruka kidogo, mguu mmoja juu, kisha wakatua pamoja na kishindo chako. Mzunguko uliofuata wakaruka tena, safari hii kwa kupenda.

Mvua ya Mawe haikudumu. Kijana wa Sigalagala alimaliza masomo akaenda Nakuru, kisiagi kikapata mwenyewe mpya mwenye masharti, na kifua chako kikaanza kukusumbua. Lakini wapigaji wa isukuti waliubeba wimbo. Waliupeleka kwenye matanga mengine, ukahamia harusini, kwaya ikautilia maneno ya wokovu. Watoto wanaurukia njiani wakienda mtoni. Hakuna anayesema umetoka kwenye gita. Wanasema ni wa zamani, na kule kuruka ni kumpisha marehemu ili apite asikanyagwe.

Hata siku yako, Khotsa. Sijui kama ulisikia. Jeneza lako lilikuwa chini ya turubai, na mtu mwenye maikrofoni akatangaza, "Sasa tumuage ndugu yetu kwa wimbo wa mababu zetu." Wakapiga wimbo wako. Watu wakaruka pale pale pedali yako ilipokwama. Na kwenye historia yako iliyosomwa ulikuwa fundi wa vyuma, Mkristo, mpenda watu. Mama alikuwa ameiacha bendi nje kwa sababu ya mchungaji. Nilimtafuta Ambani kwa macho, nikamwona nyuma kabisa karibu na migomba, anacheka na machozi yanamtoka, na mama mmoja anamsogelea kumuuliza kama ameugua.

Sasa sikia shida yangu.

Shule yetu inaenda kwenye tamasha la muziki Ijumaa, kwenye kundi la nyimbo za asili. Madam Ayuma, mwalimu wetu wa muziki, alichagua wimbo huo. Aliujifunza kwa bibi yake miaka michache tu iliyopita, na bibi yake alimwambia ni wa mababu, kwa hiyo hakuna aliyedanganya. Mimi nimepewa isukuti kubwa. Kwa kuwa insha zangu hazina makosa mengi, Madam aliniambia pia niandike maelezo ya asili ya wimbo, yale yatakayosomwa kabla hatujaanza. Wenzangu walipiga makofi. Mimi sikupiga. Wimbo wa asili hautakiwi kuwa na mtunzi anayejulikana, na mimi namjua mtunzi. Alikuwa akininunulia mandazi.

Nilimwambia rafiki yangu Vivian, ambaye ndiye anayetuongoza kuimba, mwenye sauti ile inayopanda mpaka kwenye dari. Nilitumaini atafurahi. Akanitazama kama nimemwaga chakula. "Yaani wewe unataka tubaki nyumbani kwa sababu ya mjomba wako?" Kisha akasema polepole, na hilo liliniumiza zaidi, "Babu yangu hajawahi kutoka hospitalini kunisikia nikiimba. Ijumaa anakuja." Tangu hapo hatuketi pamoja wakati wa chakula.

Jumamosi nilienda mjini kwa Ambani. Siku hizi anatengeneza simu, na amefuga ndevu. Nilitaka anipe nguvu. Nilitaka aseme, andika, mtaje, haki yake. Badala yake alinieleza jambo ambalo hukuwahi kuniambia.

Alisema baada ya matanga ya mzee wa kisiagi uliitengeneza pedali. Kwako ilikuwa kazi ndogo, ulikata springi nyingine ukaifunga, ikawa laini kama mpya. Mkaitwa kwenye matanga mengine, mkapiga wimbo ukiwa umenyooka, bila pengo. Na wanawake wakaruka vilevile. Waliruka juu ya ngoma inayopiga, wakatua vibaya, wakagongana, bibi mmoja akakaa chini kabisa akakutazama kama umemwibia kitu. Ambani alisema ulipofika nyumbani uliitoa springi mpya ukairudisha ile mbovu. Alikuuliza, fundi mzima unaharibu kazi yako? Ukamjibu, "Wameshaupokea. Si wangu peke yangu tena."

Khotsa, nilitoka pale nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia. Kama ulishautoa, mimi ni nani niudai? Labda ulifurahi vile. Labda siku ya mazishi yako, wakisema ni wa mababu, ulikuwa ukicheka na Ambani. Nikitaja jina lako nitawanyang'anya watu wimbo wao, nitawanyang'anya Vivian na babu yake Ijumaa yao. Nisipolitaja, Ambani akienda na Kukhu akienda, hakutakuwa na mtu wa kujua kwamba watu watatu wenye unga kichwani walibadilisha namna mji mzima unavyolia na kucheza. Watoto wangu wataruka kwenye pengo na hawatajua ni mguu wako wanaoungojea. Wazo hilo linanijia hata katikati ya hesabu.

Leo baada ya masomo nikamweleza Madam. Nilikuwa nimeibeba pedali yenyewe kwenye mfuko wa vitabu. Mama huitumia kuzuilia mlango wa jiko, na nilipoomba kuichukua hakuuliza chochote, aliifuta tu kwa kanga. Niliiweka juu ya dawati. Nikaibonyeza kwa mkono, ikaenda, ikaenda, ikakwama. Ikarudi.

Madam aliivuta kwake. Akaibonyeza mwenyewe. Midomo yake ilikuwa ikihesabu, na ilipokwama bega lake liliinuka kidogo bila yeye kujua, kama wanavyoinua watu wote wa huku. Akakaa. "Bibi yangu alikuwa akiruka hapa na fimbo yake," akasema. Halafu akaanza kuwaza kwa sauti, kama mtu anayetafuta ufunguo. Kwamba waamuzi wanaweza kutuondoa. Kwamba wanaweza pia kutuhamishia kundi la utunzi, au wasijali. Kwamba hajui, na hatanidanganya kwamba anajua.

Mwisho akaniambia, "Andika unachokijua. Nitakisoma mimi mwenyewe jukwaani, na mwamuzi akiuliza nitasimama na wewe. Lakini wakituondoa, utaweza kuwatazama wenzako?"

Nimekuja nalo swali lake mpaka nyumbani, na bado liko hapa mezani karibu na taa.

Nimemsomea Mama majaribio yangu yote. Kwenye la mwisho alikuja akasimama mlangoni na mwiko mkononi. Alisema, "Mimi nilimwacha nje ya historia yake. Nilifikiri namsitiri." Kisha akasema obusuma itapoa. Lakini hakuondoka, Khotsa. Alingoja niisome tena, na nilipofika kwenye jina lako alitikisa kichwa kukubali, mara moja tu, kama anavyokubali bei sokoni.

Basi hivi ndivyo nilivyoandika. Kama nimekosea, nisamehe.

"Wimbo huu ulizaliwa kwenye kisiagi cha mahindi pale Lubao. Waliouanzisha ni bendi ya muziki wa roki iliyoitwa Mvua ya Mawe, na aliyepiga ngoma ni Shitandi, fundi wa kuchomelea vyuma. Pengo mtakalolisikia lilitokana na pedali iliyokuwa ikikwama. Kuruka ni kwa watu wa hapa. Wao ndio walioliona pengo wakajua la kufanya nalo, na fundi akaliacha kwa ajili yao."

Sijui waamuzi watasemaje. Sijui Vivian atasemaje, ingawa nimeamua kesho nimtangulie getini nimsomee yeye kwanza, kabla ya Madam, kwa sababu ana haki ya kuyasikia maneno haya kwangu. Naogopa. Naogopa sauti ya Madam ikifika kwenye neno roki na ukumbi ukacheka. Naogopa kiti kitupu cha babu ya Vivian, na naogopa pia kiti hicho kikiwa na mtu. Lakini tangu niandike jina lako sijafuta neno tena. Huenda ni njaa tu.

Mama ananiita. Nikuache upumzike, Khotsa, kwenye udongo wa Lubao ambako mvua ya mawe ya kweli huwa inapiga mabati hadi mtu hasikii kusali. Kama Ijumaa tutapanda jukwaani, au kama tutapigia tu uwanjani kwetu baada ya kurudishwa, nakuahidi jambo moja. Tukifika pale pedali ilipokuwa ikikwama sitaharakisha. Nitauinua mkono wangu juu kabisa, niungojee mguu wako, kisha tutatua pamoja.

Mimi mpwa wako wa Jumapili.