Tafsiri Iliyosifiwa

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba kile kifua ulichokilalamikia kimetulia. Sisi huku hatujambo kwa kiasi chetu. Miguu ya mama imepungua kuvimba, ingawa ngazi bado anazipanda akipumzika kila baada ya mbili, na kila akipumzika anakutaja. Mimi ni mzima, ila nimechoka, na uchovu wenyewe si ule wa kulala ukaamka umekwisha.

Barua yako niliipata Jumatatu, nimeisoma mara nyingi kuliko ulivyotarajia. Umeuliza habari za kazi. Kazi ni ile ile. Bado nakaa chumba cha mwisho kwenye korido, mimi na feni inayozunguka inapojisikia, nikifasiri kila kitu ambacho waandishi wa kigeni wanaandika kuhusu nchi hii, ili wakubwa wasome kwa lugha yetu na waamue nani aongezewe kibali na nani afungashe virago. Kanuni zimebadilika tena. Kibali kilikuwa cha mwaka, sasa ni cha miezi mitatu, na fomu imeongezwa swali linalomtaka mwandishi aeleze mapema anatarajia kugundua nini. Mmoja alijibu kwamba angekuwa anajua asingekuja. Nilicheka peke yangu, kisha nikamrudishia fomu aandike upya, maana ndiyo kazi.

Najua ulichotaka hasa ni habari za Bwana Kofia, yule mwandishi wa kigeni. Ndiyo, ameomba kibali tena kama ulivyosikia, akiwa huko huko kwao, miezi minane tangu tumnyang'anye kitambulisho na kumpa siku mbili za kuondoka. Faili lake liko mezani kwangu ofisini, linasubiri maoni. Unaniomba nihakikishe harudi. Unasema alikuapia hatakutaja, ukamweleza jinsi watoto wachanga wawili walivyokufa wodini kwenu kwa kukosa mitungi ya oksijeni, na wiki mbili tu baada ya makala kutoka ukahamishiwa kwenye zahanati isiyo na hata maji, mbali na mama, huku matroni akikwambia usoni kwamba mwandishi wako amekuuza. Mtu wa namna hiyo, umesema, asikanyage tena hapa.

Sijawahi kukwambia kwamba siku aliyokuja kurudisha kitambulisho, aliyekuwa kaunta ni mimi. Alivua ile kofia yake, akaiweka juu ya fomu, akaniuliza kama ninaweza kumsaidia kujua yule muuguzi amejulikana vipi, kwa sababu jina lake hakuliandika hata kwenye daftari. Hakujua kwamba mimi na wewe ni tumbo moja. Macho yake yalikuwa mekundu. Nilimwambia asaini hapa, na hapa, na nakala ya tatu abaki nayo.

Dada, hakukuuza. Makala yake niliifasiri mimi.

Unakumbuka ulivyonifundisha kusoma, ukinigonga kichwani kwa penseli kila nilipokariri kama kasuku, ukisema Profesa soma kama mtu anaongea? Mpaka leo ndivyo ninavyofasiri. Katika makala ile muuguzi hakuwa na jina, umri wala wodi, na hospitali yenu ina wauguzi zaidi ya mia mbili. Alisema tu, kwa lugha yao hao wageni, iliyonyooka kama fomu, kwamba uwezo wake ulikuwa na mipaka kwa kuwa yeye alikuwa mhudumu wa siku hiyo. Niliona hakuna muuguzi wetu anayesema hivyo. Nilifumba macho kidogo, sentensi ikaja yenyewe, nikaiandika: “Mimi si Mungu, mimi ni wa zamu tu.”

Umekuwa ukilisema hilo tangu ulipoanza uuguzi, kila unaporudi nyumbani na mama kukuuliza kama mgonjwa fulani amepona. Kumbe hata wodini ndilo neno lako. Nakala ya tafsiri ilipelekwa hospitali, na nimesikia matroni hakuhitaji kufika mwisho wa ukurasa.

Kama ningekuwa nimekosea tu, ningekwisha kukwambia zamani. Jioni ile ile, ninavua viatu mlangoni, ndipo nilipotambua ni sauti ya nani niliyoiandika. Kesho yake niliwahi kazini ili niombe kuirekebisha. Nikamkuta mkurugenzi anaisoma. Akaniambia kwamba kwa miaka yote hajapata kusoma tafsiri inayosikika kama mtu anaongea hivi. Pale hakuna aliyewahi kunisifu kwa lolote. Nikasema asante, nikarudi chumbani kwangu, nikawasha feni. Tafsiri ilikaa mezani kwake siku tatu kabla ya kutumwa, na siku zote tatu nilipita mbele ya mlango wake nikienda kuchukua maji.

Nimekuacha umchukie mtu asiye na kosa miezi minane. Naona aibu, na nimechoka kuiona. Leo nitaandika kwenye faili lake kwamba muuguzi alijulikana kwa tafsiri yangu wala si kwa makala yake, nami nitasaini. Sijui kama watampa kibali, wala kama kiti changu nitabaki nacho. Nilitaka wewe usome kabla yao.

Mama nimemweleza asubuhi hii akinywa chai. Alikisukuma kikombe kando, akaniambia nikuandikie kabla sijatoka, ndiyo sababu mwandiko umekimbia hivi. Anasema usiache dawa ya kifua, na ukipata likizo, hata ya siku mbili, uje. Salamu zake ameniamuru niziandike kwenye mstari wa peke yake, zisichanganyike na zangu:

Mama anakusalimu sana.

Mdogo wako,
uliyemwita Profesa