Kona za Kamau na Njia ya Bura

Garissa, Alhamisi, 1967

Huyu Kamau ameniudhi na kunichekesha! Chai nzima alituhubiria kona za milima ya kwao, na jinsi atakavyozikata siku akipata benzi. "Hassan, nyinyi watu wa tambarare, usukani mnaushikia nini?" Madereva wote wakaangua kicheko, hata mimi.

Kisha tukaambiwa kesho msafara unakwenda Bura, njia iliyofukiwa mabomu. Kamau akanisogelea. "Ndugu yangu, nani atatangulia?"

Mimi, wallahi! Madereva kama mimi wako wangapi hapa Garissa? Nikamwambia nitakanyaga alama za lori lililopita salama juzi, naye akanyage zangu.

Sikumwambia kwamba upepo wa leo umezifuta zote. Afadhali mmoja wetu apate usingizi.